Wimbo Mmoja Kila Baada ya Dawa

Kila mwaka unapokaribia kuisha huwa naandika orodha ya albamu mpya za bendi ninazozipenda na kuituma kwenye kundi letu la simu, sisi tuliosoma pamoja. Huwa ndefu kupita kiasi. Wenzangu husoma mistari mitatu, wananitania, kisha tunabishana mpaka mwaka mpya. Mwaka huu nimejaribu kuiandika mara nne na kila mara nimeshindwa kutenganisha albamu na kifua kikuu. Nikiandika neno "besi" nakumbuka benchi la kliniki. Basi nimeacha kutenganisha. Kama umeambiwa wiki hii kwamba makohozi yako yana vimelea, na umekaa mahali unahesabu watu uliokula nao, haya nimekuandikia wewe. Udaktari siujui. Najua tu ilivyokuwa kwetu, Utemini, Singida mjini, tangu mvua za Februari hadi sasa watu wanapanda alizeti nyingine.

Albamu ya kwanza ilikuwa ya Kereng'ende Jazz. Hawa ni wazee wa gitaa ambao hawakuwa wametoa kitu tangu nilipokuwa kidato cha nne, na marehemu baba alikuwa akisema watakufa na nyimbo zao tumboni. Mwezi wa pili wakatoa nyimbo kumi kwa mpigo. Nilikuwa nimemaliza chuo mwaka uliotangulia, shahada ya takwimu, na nilikuwa nyumbani na mama nikituma barua za maombi ya kazi na kusikiliza gitaa.

Nilikuwa pia nakohoa. Nina tabia ya kuwaza kila kitu mpaka mwisho wake, na mtu wa namna hiyo hakosi maelezo. Kikohozi kilikuwa vumbi la mashudu ya alizeti kutoka mashine ya jirani. Jasho la usiku lilikuwa godoro. Suruali iliyolegea ilikuwa hofu ya kukosa kazi. Mama, ambaye anauza mafuta ya alizeti sokoni na haamini magonjwa ya watu wanaokaa kwenye kiti, alikuwa na maelezo yake: "Mawazo yanakumaliza, Idrisa. Toka nje, upate upepo." Singida upepo haukosekani. Nilitoka, nikakohoa nje.

Aliyenishtua ni Elia. Tumekua pamoja tangu darasa la kwanza. Ana kibanda karibu na stendi, watu wanampelekea memori kadi na flashi awawekee nyimbo. Nilimtumia ujumbe wa sauti wa dakika sita kumweleza kwa nini gitaa la pili katika wimbo wa nne limepandishwa mno. Alijibu baada ya nusu saa.

"Nimesikiliza. Gitaa sijui. Ila wewe umekohoa mara kumi na saba."

"Acha utani."

"Rudia mwenyewe, msomi. Hesabu si ndiyo kazi yako?"

Nilirudia. Kikohozi changu nilikuwa nimekizoea kama mtu anavyozoea mlango unaolia, lakini ndani ya simu kilikuwa cha mtu mwingine. Alikuwepo mtu mle anayekohoa hadi anakosa pumzi, na katikati ya kukosa pumzi anajitahidi kusema habari za gitaa. Nilimwonea huruma. Kesho yake asubuhi nilikwenda hospitali.

Kliniki ya kifua iko nyuma ya majengo mengine, na tunasubiri nje, chini ya paa la bati lisilo na kuta, ili hewa ipite. Mabenchi yamewekwa mbalimbali. Mtu akifika anatafuta benchi la peke yake, na yakiisha anasimama. Hakuna anayemtazama mwenzake. Nilipewa kikopo chenye kifuniko nikaambiwa nizunguke nyuma ya ukuta. Nilirudi nacho.

"Haya ni mate," nesi alisema akikiinua kwenye mwanga.

"Samahani, dada. Nilidhani..."

"Usidhani. Vuta pumzi mpaka chini, kohoa kutoka huko. Mate hata mimi ninayo."

Kwenye benchi la karibu alikuwepo mzee mmoja kutoka Ikungi, amevaa koti zito juu ya kanzu. Nilimwamkia shikamoo. Akaitika marahaba, kisha akaniuliza kama ndiyo mara yangu ya kwanza. Nikamwambia pengine sina chochote, nimekuja kuhakikisha tu.

"Na mimi nilikuja kuhakikisha," alisema. "Huu ni mwezi wangu wa nne nikimeza dawa." Akacheka peke yake, halafu akaniambia jambo ambalo ningependa na wewe uambiwe mapema: "Mkojo wako utageuka rangi ya soda ya machungwa. Usikimbie. Mimi nilikimbia, nikaamsha boma zima."

Majibu yalikuja siku iliyofuata. Nilikuwa na kifua kikuu. Nilipimwa magonjwa mengine pia, mama naye akaitwa akapimwa, akaonekana mzima. Nikapewa vidonge, vitatu kila asubuhi kabla ya kula, vikubwa, rangi ya matofali. Nesi aliandika jina la mama kama msimamizi wa dawa nyumbani, yaani mtu wa kuniona nikimeza. Miezi sita, alisema. Baada ya miezi miwili nitarudi kupima makohozi.

Niliweka alama ya rangi ya kucha kwenye kikombe changu, sahani yangu na kijiko changu. Niliomba chakula changu kipakuliwe pembeni. Nesi hakuwa ameniagiza lolote kati ya hayo; alisema nifunike mdomo nikikohoa na nifungue madirisha. Lakini nilikuwa nimesoma mambo kwenye simu mpaka betri ikaisha. Mama alikiona kikombe akakikwangua ile rangi kwa kisu.

"Hii ni nyumba au wodi?"

"Mama, ni kwa usalama wako."

"Nimekubeba mgongoni ukinitapikia shingoni. Leo ndiyo unanilinda?"

Lakini usiku ule hakupakua sahani moja kama kawaida yetu. Alipakua mbili. Tulikula kila mtu akitazama ya kwake.

Hofu yangu hasa haikuwa mama. Dada yangu Zainabu ameolewa Itigi, na baada ya miaka mitano ya ndoa alikuwa na mimba ya kwanza. Kwetu, mtoto wa kwanza, binti huja kumzalia kwa mama yake. Anakandwa maji ya moto na mama, anapikiwa uji na mama, anakaa siku arobaini bila kushika ufagio. Zai alikuwa aje katikati ya mwezi wa sita, ajifungue mwishoni mwa wa saba. Chumba chake ndimo nilimokuwa nikilala na kukohoa. Kipimo changu cha miezi miwili kilikuwa mwishoni mwa mwezi wa tano. Kikiwa safi, Zai anakuja. Hatukuwahi kulisema hivyo, lakini kalenda ilikuwa ukutani na sote wawili tulijua, na yeye huko Itigi alijua.

Mwezi wa nne ikatoka albamu ya pili, ya Vumbi Jepesi. Ni vijana, wana ngoma nyingi na hasira kidogo, na nilikuwa nimewasubiri mwaka mzima. Ni albamu nzuri. Lakini mpaka leo wimbo wake wa tatu ukipita kwenye duka ninatoka, kwa sababu ndio uliokuwa ukipiga wiki ambayo dawa zilianza kunigeuka.

Nisikufiche. Vidonge vile vilinichafua tumbo. Magoti yaliniuma kama ya bibi kizee. Ngozi iliwasha. Nilikuwa na kilo arobaini na nane, na asubuhi harufu tu ya kifuko cha dawa ilinijaza mate mdomoni. Wiki ya sita nikaanza kufanya jambo ambalo silijui jina lake isipokuwa upumbavu. Mama aliniona nikiweka vidonge mdomoni na kunywa maji, akageuka kwenda sokoni. Mimi nikaenda chooni nikavitema. Siku ya kwanza nilijiambia ni leo tu. Siku ya pili nilikuwa na hoja: kikohozi kimepungua, mwili umeshashinda, tumbo likipumzika dawa itafanya kazi vizuri zaidi. Nilikuwa na hoja nzuri kwa siku nane.

Kama kuna sentensi moja ya kuchukua kutoka hapa, ni hii: sikumwambia nesi kwamba dawa zinanichafua tumbo. Ningemwambia angenisaidia. Nilipomwambia baadaye alinipa dawa ya kichefuchefu na kidonge cha kusaidia viungo, na ndani ya siku nne nilikuwa nikimeza kama mtu. Dakika mbili za aibu zingeokoa kila kitu kilichofuata.

Kipimo cha miezi miwili hakikuwa safi.

Nesi aliniuliza kama nilikuwa nameza kila siku. Alipouliza hakunitazama, alikuwa akiandika, nadhani kwa makusudi. Nikamwambia. Akaweka kalamu.

"Siku ngapi?"

"Nane, dada."

"Siwezi kukuambia ni hizo nane. Inawezekana, inawezekana siyo. Sasa tunapeleka sampuli wakapime kama dawa bado zinakufaa. Kama hazikufai, ni safari nyingine kabisa." Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Umesema mwenyewe. Wengi hawasemi."

Nilitembea kwa miguu mpaka nyumbani. Njiani nilitunga namna tatu za kumwambia mama bila kutaja choo. Nilimkuta akianua nguo za mtoto alizokuwa amezifua, za zamani, zetu sisi, alizokuwa amezitunza kwa ajili ya mjukuu. Namna zote tatu zikanitoka kichwani. Nikasema yote, hata choo.

Hakupiga kelele. Alizungumza Kinyaturu, jambo analofanya akiwa amechoka kweli, akiziambia zile nguo, siyo mimi. Halafu akaniambia kwa Kiswahili, "Mpigie dada yako. Maneno haya hayapiti kwangu."

Zai alipokea haraka, akifikiri ni habari njema.

"Niambie ukweli," alisema nilipomaliza kuzungukazunguka. "Dawa zimekushinda, au wewe ndiye umezishinda?"

"Ni mimi, dada. Nilikuwa natema."

"Basi nitazalia huku. Mama mkwe atanikanda, ni mtu mzuri. Ila nilimtaka mama yangu, Idrisa. Sikutaka mama wa mtu."

Tulisubiri majibu siku tisa. Sikuweka muziki hata mara moja katika siku hizo. Nilikuwa nimeshasikiliza nyimbo kama ramli kwa miezi mitatu, wimbo wenye neno "kesho" ukinipa moyo na wenye neno "safari" ukininyima usingizi, na nikaogopa kusikia neno lolote. Mama alikuwa akihesabu kwa sauti akisonga ugali: niliwazaa wawili, mmoja ananiita Itigi, mmoja ananifunga hapa. Kwenda asingeweza, kwa sababu sasa hakuna aliyekuwa tayari kuniamini peke yangu na maji na vidonge. Hata mimi sikuwa tayari.

Siku ya kumi nesi alinipigia mwenyewe. Dawa zilikuwa bado zinafaa. Tungeendelea na zilezile, zile siku zilizopotea zingeongezwa mwishoni, lakini alitaka msimamizi asiyegeuka kwenda sokoni. Nilimweleza Elia kibandani kwake kama mtu anavyoeleza balaa, sikuwa naomba. Elia akafunga kibanda, saa nne asubuhi, wateja wakiwa wamesimama, tukaenda wote kliniki.

"Wewe ni nani yake?" nesi alimuuliza.

"Mimi ndiye ninayemvumilia, dada."

"Nataka mtu anayeamka mapema."

"Kibanda changu kikichelewa kufunguliwa madereva wa mabasi wanaondoka bila nyimbo na abiria wanalalamika mpaka Manyoni. Mimi huamka."

Akaandikwa. Mama akapanda basi la Itigi wiki iliyofuata, na beseni, na zile nguo. Alipokuwa akiaga alinishika kidevu kama mtoto, akamwambia Elia, "Mwangalie mpaka chini ya ulimi." Elia akaitika, "Ndiyo, mama. Mpaka tumboni nikiweza."

Kila siku saa kumi na mbili na nusu alifika na baiskeli. Alikaa mlangoni, mimi kwenye kigoda, dirisha wazi. "Meza. Fungua. Inua ulimi. Upande wa pili." Alikuwa na tochi ya simu. Nilimwambia mimi siyo ng'ombe wa mnadani. Akasema ng'ombe wa mnadani ana kilo.

Ile wiki ikatoka albamu ya tatu, ya Mabinti wa Kisima, wanawake watatu wanaoimba kwa gitaa moja kavu. Nyimbo kumi na mbili. Elia alikuwa nayo kibandani kabla sijajua imetoka. Nikampa flashi aniwekee. Akairudisha ikiwa na wimbo mmoja.

"Nyingine ziko wapi?"

"Zinameza dawa kesho."

Ndivyo alivyoamua. Wimbo mmoja kila baada ya dawa. Ningeweza kuipakua mwenyewe kwa dakika tano, na hilo alilijua. Sikuipakua. Kwangu mimi, ambaye husikiliza albamu nzima mara tatu siku ya kwanza na kufika jioni nikiwa na nadharia, kukaa na wimbo mmoja toka asubuhi mpaka asubuhi ilikuwa kama kuwekewa mkono begani. Ule wa pili una mahali ambapo mmoja wao anavuta pumzi kabla ya kuimba, nao hawakuifuta. Niliisikiliza pumzi ile siku nzima.

Nyimbo zilipokwisha akasema tunaanza upya, ila sasa kila wimbo nimweleze kwa sentensi moja tu. Akaniwekea kidole juu kama refa. Siku za kwanza nilikuwa naunganisha sentensi kwa "na" na "ingawa" mpaka anakatisha: "Hiyo ni hotuba. Sentensi." Kufikia mwezi wa nane nilikuwa naweza. "Huu unanifanya nisikie njaa." Na kweli njaa ilikuwa imerudi. Jirani alikuwa akinipitishia uji wa ulezi juu ya ua bila kuniuliza naumwa nini, nami nilikuwa narudisha bakuli nikijua kwamba nikirudisha mapema litarudi tena. Magoti yalipona. Shati lilianza kunigusa mabegani. Upepo wa baridi wa mwezi wa saba ulipita na sikuukohoa.

Zai alijifungua salama huko Itigi, binti, wakamwita Salma. Alikandwa na mama yake. Hilo ndilo nililokuwa nikilitaka kuliko kupona, na lilipotokea sikuwepo, nilikuwa Utemini nimeinua ulimi mbele ya tochi. Kipimo kilichofuata kilikuwa safi. Na kilichofuata tena. Katikati ya mwezi wa kumi nilimeza vidonge vya mwisho, nesi akapiga mstari kwenye kadi na kusema, "Sitaki kukuona hapa tena, labda sokoni."

Ungedhani hapo ndipo pa kufurahi. Mimi niliendelea kulala na dirisha wazi na kukaa mbali na watu kwenye foleni. Mwishoni mwa mwezi wa kumi na moja, mama akiwa amesharudi nyumbani, Zai akaja, na mtoto, aje akae hapa siku zile arobaini ambazo hakuzipata. Nilimpokea stendi nikiwa na barakoa. Nyumbani nilibeba mabegi, nikapika, nikachota maji, nikafua nepi. Mtoto sikumgusa. Alipoletwa sebuleni nilikumbuka kitu uani. Siku nne.

Siku ya tano Zai alinifuata uani.

"Unamkataa mwanangu?"

"Dada, hapana. Nasubiri tu nihakikishe."

"Nesi alishasema uko mzima. Kadi nimeiona. Sasa unamsubiri nani? Akupe barua?"

"Kama kuna kilichobaki..."

"Kilichobaki ni kichwa chako." Alisema bila hasira, na ndiyo maana liliniingia. "Mimi nilikukasirikia, Idrisa. Nilikaa Itigi na tumbo langu nikakukasirikia kwelikweli. Nimemaliza. Sasa unataka nianze tena? Vua hicho kitu, anaogopa mtu asiye na mdomo."

Nikavua. Akanipa mtoto kabla sijapanga mikono. Alikuwa mzito kuliko nilivyofikiri, na wa moto. Akanitazama mdomo kwa muda mrefu, kisha akakohoa.

Nikamnyoosha kuelekea kwa mama yake kama kitu kinachoungua. Zai hakumpokea. Alifunga mikono yake kifuani.

"Ni maziwa," alisema. "Mpigepige mgongo."

"Zai, mchukue."

"Mpigepige mgongo."

Nikampigapiga. Akacheua kwenye shati langu, akapumua, akalaza kichwa. Kutoka jikoni mama alimwita mtu yeyote amletee chumvi, na hakuna aliyekwenda.

Albamu ya nne ya mwaka imetoka wiki tatu zilizopita, ya bendi ninayoipenda kuliko hizo zote, na kwenye kundi wananitukana kwa kukaa kimya. Ninayo yote, Elia aliniwekea nyimbo zote mara moja, hanisimamii tena. Sijaisikiliza. Mchana Salma hulala juu ya kifua changu, mkono wangu mmoja ukiwa chini yake, na simu iko mezani, hatua mbili kutoka hapa nilipo. Najua itakuwa nzuri. Akiamka nitaisikiliza.